BLUP ni nini? Namba inayoamua hatima ya farasi wazito wa Kifaransa kwenye michezo ya ufugaji mtandaoni

Kwenye Howrse, mchezo wa kufuga farasi mtandaoni ulioanzia Ufaransa mwaka 2005 kwa jina la Equideow, kila farasi ana namba inayoitwa BLUP. Farasi akizaliwa huanzia −100, na ukomo wake ni 100. Mchezaji mgeni huipita namba hiyo kama haipo. Anatazama rangi, anatazama singa za shingoni, anatazama dume linalipiwa equus (fedha za mchezo) ngapi kwa kupandisha mara moja, basi, anapandisha. Vizazi vitatu baadaye bado anajiuliza kwa nini farasi wake hawaendi popote ilhali wa wenzake wanazidi kupanda.

Maelezo haya yanamlenga hasa mtu aliyevutiwa na farasi wa kukokota wa Kifaransa: Percheron, Boulonnais, Breton, Comtois, Ardennais na ndugu zao. Hawa ni farasi wenye historia nzito kuliko miili yao, na ukishaielewa BLUP utaona kwa nini kuwazalisha kwenye skrini na kuwazalisha Normandy ni kazi mbili tofauti zinazotumia jina moja.

Tuanze na mchezo. Farasi ana stadi sita: stamina, kasi, dresaji (kutembea kwa madaha kwa amri ya mpandaji), shoti, troti (mwendo wa kati, kati ya kutembea na shoti) na kuruka. Kila stadi ina dari ambayo farasi amezaliwa nayo, na jumla ya dari hizo sita ndiyo uwezo wake wa kurithi. Mafunzo humsogeza farasi kuelekea dari, hayaipandishi. Njia ya kupata dari ya juu zaidi ni kuzalisha, na hapo ndipo BLUP inapoingia. Uwezo wa mtoto hukokotolewa kutokana na uwezo wa baba na mama, lakini BLUP za wazazi ndizo zinazoamua ni kiasi gani cha uwezo huo kitamfikia. Wazazi wazuri wenye BLUP ya chini hutoa mtoto wa wastani. Wazazi walewale wakifika 100, mtoto anaanza juu yao.

BLUP hupandaje? Kwa umri, kwa mafunzo na kwa ushindi mashindanoni. Hivyo vitatu vinadai muda, na muda ndio gharama halisi ya mchezo huu. Siku moja ya mchezaji ni miezi miwili ya farasi. Farasi jike anaruhusiwa kupandishwa akifika miaka miwili na nusu, yaani siku 15 tangu azaliwe, na mimba huchukua miezi 11. Kumfikisha miaka 10 ni siku 60. Chukua majike wawili wa Percheron, dada wa baba na mama mmoja, wenye uwezo sawasawa. Wa kwanza unampandisha siku ya 15, ana kwato changa na hajawahi kushinda chochote. Wa pili unamfundisha, unampeleka mashindanoni wiki baada ya wiki, na unampandisha BLUP yake ikiwa imejaa. Wa kwanza atakuwa na watoto, pengine na wajukuu, kabla wa pili hajashika mimba hata moja. Ila mtoto mmoja wa yule wa pili atakuwa na dari ambayo ukoo wote wa dada yake unaisikia tu.

Kwa mtazamo wangu, ubishi wote wa wachezaji kuhusu uzalishaji unaishia kwenye swali hilo: nizalishe haraka au nisubiri? Wanaolenga kilele cha orodha husubiri. Wanaotaka zizi lililojaa Boulonnais weupe wazuri wa kutazama hawana sababu ya kusubiri, na hakuna anayepaswa kuwacheka.

Sasa litazame jambo hili kwa jicho la mfugaji wa kweli, uone lilivyo la ajabu. Mchezo unasema baba akifundishwa sana, mtoto huzaliwa na uwezo mkubwa zaidi. Jasho la mzazi linaingia kwenye damu ya mwana. Wazo la namna hiyo lilitetewa na Mfaransa Jean-Baptiste Lamarck mwaka 1809, na biolojia ilikwisha liacha kama maelezo ya jinsi sifa zinavyorithiwa. Percheron anayevuta magogo kila siku kwa miaka kumi anawapa watoto wake jeni zilezile ambazo angewapa kama angeshinda malishoni akila majani. Watunzi wa mchezo si wajinga, wanajua hilo. Bila kanuni hiyo kila mtu angekuwa akipandisha farasi wa siku 15 na kuwatupa, na kufundisha kusingekuwa na maana. BLUP ya mchezo ni breki.

BLUP ya kweli ni kitu kingine kabisa. Ni kifupisho cha Kiingereza, Best Linear Unbiased Prediction, kwa mbinu ya takwimu iliyobuniwa na Charles Henderson, Mmarekani aliyefanya kazi zake kwenye ufugaji wa wanyama, na ng'ombe wa maziwa ndio waliofaidika nayo mapema. Kinachokadiriwa si kile mnyama anachoweza kufanya, bali kile atakachowapa watoto wake. Tofauti hiyo ni kubwa. Tuseme farasi wawili wamevuta mkokoteni wa uzito uleule na mmoja akamaliza mapema. Je, ni bora? Huenda amefundishwa na mtu mzoefu tangu utotoni, analishwa vizuri, na alivuta asubuhi kukiwa na baridi. BLUP hukusanya matokeo ya farasi mwenyewe, ya wazazi wake, ya ndugu zake na ya watoto wake, kisha hujaribu kuondoa yale yaliyotokana na malezi, umri, jinsia na mazingira. Kinachobaki ndicho kinachohesabiwa kuwa cha damu.

Ufaransa hutumia hesabu hii kwa farasi wa kuruka vizuizi, na faharasa yake huitwa BSO, yaani BLUP ya kuruka vizuizi (saut d'obstacles). Huandikwa kwa mtindo kama huu: +14 (0,52). Namba ya mbele inaonyesha farasi yuko juu au chini kiasi gani ukimlinganisha na wenzake. Ile ya kwenye mabano, ambayo huenda kati ya 0 na 1, inasema makadirio hayo yana uhakika gani. Dume lenye watoto wengi waliokwisha shindana lina uhakika mkubwa. Mtoto wa farasi aliyezaliwa jana naye ana BLUP yake, ambayo ni wastani wa wazazi wake, ila uhakika wake ni mdogo. Linganisha na mchezo, ambapo mtoto wa mabingwa na mtoto wa vilaza wote huanzia −100. Kwenye uhalisia anayezaliwa anaanza na sifa ya ukoo halafu maisha yanaisahihisha. Kwenye mchezo anaanza na deni.

Lakini kukadiria kitu kunahitaji kwanza ujue unakadiria nini. Hapa farasi wazito wa Kifaransa wanakuwa somo zuri kuliko farasi wa mbio, kwa kuwa malengo ya kuwafuga yamebadilika mara kadhaa ndani ya miaka 200.

Percheron wa karne ya 19 alikuwa farasi wa kuvuta kwa troti. Alivuta magari ya abiria ya masafa marefu, na baadaye akavuta mabasi ya farasi mjini Paris. Alitakiwa awe na nguvu, lakini pia awe mwepesi wa miguu. Boulonnais wa pwani ya kaskazini walikimbiza samaki wabichi kutoka Boulogne hadi Paris kabla hawajaharibika, kazi isiyomfaa mnyama mzembe hata chembe. Comtois alizoea milima ya Jura na kuvuta magogo. Kisha treni ikaja, lori likaja, na baada ya Vita Kuu ya Pili trekta likamaliza kazi. Majina mengi ya koo hizi yangebaki kwenye picha tu kama si soko la nyama. Nyama ndiyo iliyowaweka hai, na nyama inalipwa kwa kilo, kwa hiyo wafugaji wakachagua uzito. Percheron dume wa leo anaweza kupita kilo 1,000. Siku hizi wapo pia wanaorudi kwenye kazi: mashamba ya mizabibu, misitu, mikokoteni ya watalii. Hao wanataka tena miguu myepesi.

Swali ni hili: dume bora wa Percheron ni yupi? Jibu la mwaka 1850 silo la mwaka 1970, na la 1970 silo la leo. BLUP ingemsifu farasi tofauti kila mara, na kila mara hesabu ingekuwa sahihi. Ndiyo maana mchezaji anayechukua koo hizi lazima afanye uamuzi ambao mchezo haumfanyii. Mchezo unampima Percheron kwa stadi sita zilezile zinazompima farasi wa kuruka. Hakuna upana wa kifua, hakuna ugumu wa kwato, hakuna utulivu wa mnyama wa kilo elfu moja anaposimama katikati ya watoto wa shule. Mimi ningechagua stamina na troti, kwa heshima ya yale mabasi ya Paris, na ningekubali kupoteza pointi kwenye kuruka.

Rangi inastahili neno pia, kwa sababu ndiyo inayowaponza wengi. Percheron wa Ufaransa anajulikana kwa kijivu na weusi. Wa kijivu kwa kawaida huzaliwa akiwa mweusi na huendelea kupauka kadiri miaka inavyokwenda, hata akiwa mzee aonekane mweupe. Jeni ya kijivu ina nguvu juu ya mwenzake, kwa hiyo nakala moja inatosha. Wazazi wawili wa kijivu, kila mmoja akiwa na nakala moja, wanaweza kupata mtoto atakayebaki mweusi, kwa uwezekano wa mmoja kati ya wanne. Wazazi wawili wanaobaki weusi hawapati wa kijivu kamwe. Kwenye maisha halisi, ukiona mtoto wa kijivu kutoka kwa weusi wawili, uliza ni dume gani aliruka ua.

Comtois ana hadithi nyingine. Rangi yake maarufu ni wekundu wa shaba na singa nyeupe, na wengi hudhani ni farasi mwekundu wa kawaida. Kwa kweli wengi wao wana jeni iitwayo silva, ambayo hupausha weusi wa singa na kuuacha wekundu wa mwili ulivyo. Inapendeza sana machoni. Tatizo liko kwenye macho ya farasi mwenyewe: jeni hiyo inakwenda pamoja na kasoro za macho, ndogo kwa mwenye nakala moja, kubwa kwa mwenye nakala mbili. Wafugaji wakipandisha mrembo kwa mrembo miaka nenda miaka rudi, nakala mbili zitakutana tu. Breton na Comtois wamewahi kukutwa pia na ugonjwa wa kurithi wa ngozi ambao hufanya ngozi ya mtoto ichubuke na kwato zing'oke. Watoto hao hawaponi. Ugonjwa huo hujificha kwa wazazi wenye nakala moja, na kwa hiyo dume mwenye faharasa ya juu kabisa anaweza kuubeba bila namba yoyote kukuambia. Hugunduliwa kwa kipimo cha jeni.

Jambo la mwisho ni uasili wa damu. Kwenye mchezo, ukichanganya koo mbili unapata chotara, na uasili ukishapotea kwenye mstari huo haurudi, kwa hiyo wafugaji makini hukagua ukoo hadi mwisho kabla ya kulipa. Ufaransa inatambua koo tisa za farasi wa kukokota, kila moja na daftari lake la ukoo. La Percheron lilifunguliwa mwaka 1883. Kwenye koo ndogo, usafi huo una bei yake, maana kila mtu ni binamu ya mwenzake. Dume akiwa na BLUP ya juu na kila mfugaji akamkimbilia, baada ya vizazi vichache hakuna jike aliyebaki ambaye hana damu yake, na hesabu iliyomsifu haikuhesabu hilo.

Mfano mkali kuliko yote ni Poitevin, farasi mzito wa magharibi mwa Ufaransa. Kwa karne nyingi majike wake walithaminiwa kwa jambo moja: kupandishwa na punda wakubwa wa Poitou ili wazae nyumbu, ambao waliuzwa kwa bei nzuri. Majike bora ndio waliopelekwa kwa punda. Nyumbu hazai, kwa hiyo kila mimba ya namna hiyo ilikuwa mwisho wa mstari. Soko la nyumbu lilipokufa, ukoo wa farasi wenyewe ulikuwa umekonda karibu kukatika, na mpaka leo Poitevin ni miongoni mwa farasi adimu wa Ufaransa. Kwenye mchezo, jike wa namna hiyo angekuwa na BLUP ya 100.