Mshubiri: maswali na majibu kuhusu ute na utomvu wake

Ute na utomvu si kitu kimoja?
Hapana, na makosa mengi huanzia hapa. Ukikata jani, chini ya ganda hutoka utomvu wa njano, mchungu kupindukia. Hiyo ndiyo shubiri. Ute unaoteleza uko ndani zaidi. Ute ni wa kupaka. Utomvu una aloini, kemikali inayoendesha tumbo.

Nautayarishaje ute?
Kata jani la chini lililokomaa. Lisimamishe kwenye kikombe, upande uliokatwa ukielekea chini, kwa dakika 15 hivi utomvu uchuruzike. Osha, ondoa miiba, menya ganda lote, kisha suuza ute mpaka unjano uishe. Jaribu kidogo mkononi, subiri siku moja; ukiwashwa, acha. Ute uliolala huharibika, kwa hiyo menya wa kutumia siku hiyohiyo.

Nimeungua moto, nipake papo hapo?
Kwanza maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20. Baada ya hapo ute unafaa kwa ngozi iliyoungua juujuu tu. Usiutie kwenye kidonda kirefu au mshono uliofumuka: utafiti wa mwaka 1991 kwa kina mama waliokuwa na vidonda vya upasuaji vilivyogoma kufunga ulikuta waliotibiwa kwa ute walipona kwa wastani wa siku 83, waliotibiwa bila ute siku 53.

Choo kimefunga. Ninywe shubiri?
Itaendesha, hilo halina ubishi. Tatizo ni kipimo: dozi ya mtu mzima ni miligramu 10 hadi 30 za kemikali za jamii ya aloini kwa siku, na jikoni hakuna wa kuzipima, maana ukali hutofautiana jani hadi jani. Tena huchukua saa 6 hadi 12. Mtu anakunywa, saa mbili kimya, anaongeza. Usiku tumbo linamsokota, anahara na kupoteza madini ya potasiamu. Kwa anayetumia digoksini (dawa ya moyo) au vidonge vya kukojosha, upungufu huo unaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Mwaka 2002 Marekani iliiondoa shubiri kwenye dawa za choo zinazouzwa bila cheti cha daktari. Anza na maji, papai na maharage.

Nani asiinywe kabisa?
Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto chini ya miaka 12, mgonjwa wa figo, na yeyote mwenye maumivu ya tumbo yasiyojulikana chanzo.

Na ile ya kupaka kwenye chuchu kumwachisha mtoto ziwa?
Mtoto hulamba utomvu uleule na anaweza kuhara. Afadhali punguza mara za kunyonyesha taratibu, ukianza na za mchana.