Sumaku haithibitishi dhahabu ya kale

Ujumbe ule unaendelea kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: kabla ya kununua pete ya kale mnadani, isogezee sumaku, isiponaswa, ni dhahabu halisi. Si kweli. Shaba, fedha na risasi nazo hazinaswi, na pete ya shaba iliyopakwa dhahabu hupita jaribio hilo bila shida.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu kuna nusu ya ukweli: sumaku hufichua chuma kilichopakwa rangi. Lakini hata mkufu wa dhahabu halali unaweza kuwa na springi ya chuma kwenye kifungio.

Anza na chapa, yaani namba iliyogongwa kwenye pambo, kwa kioo cha kukuzia: 750 ni karati 18 (karati ni kipimo cha usafi wa dhahabu), 585 ni karati 14. Chapa hughushiwa, basi pima pia. Kama pambo halina vito wala uwazi ndani, gawanya uzito wake kwa uzito linaoupoteza likizama majini. Dhahabu safi hutoa takriban 19.3, karati 18 kama 15. Shaba haifiki 9. Tangsteni, metali nzito sana, hata hivyo hukaribia dhahabu safi, kwa hiyo kitu cha thamani mpelekee sonara.

Tafadhali usiusambaze ujumbe huo, umwambie aliyekutumia. Na kwenye maelezo ya mnada, “rangi ya dhahabu” haimaanishi dhahabu.