Kipande cha dakika nne kinatosha kufundishia muziki, historia na fizikia

Nafundisha muziki sekondari, na kitu kimoja kinachonikera kwa walimu wenzangu ni hii tabia ya kuwasha projekta, kuweka filamu mwanzo mwisho, kengele ikigonga kila mtu anabeba begi lake, basi. Hiyo ni burudani jamani, siyo kipindi. Dakika zenyewe 40, filamu saa moja na nusu na ushee, ukitoa muda wa kuhangaika na waya umebaki na nini?

Mimi nakata kipande cha dakika tatu nne hivi, na hichohicho nakirudia mara tatu. Kwanza naziba lenzi na kipande cha boksi wasikilize tu, halafu nazima sauti waangalie picha tu, mwisho vyote pamoja. Na kila raundi swali ni lilelile: huu muziki unafanya kazi gani hapa? Siyo mzuri au mbaya, unafanya kazi gani.

Ninayoitumia sana ni Amandla! ya Lee Hirsch, dokumentari ya 2002 kuhusu nyimbo za mapambano Afrika Kusini. Mle anazungumziwa Vuyisile Mini, mwanachama wa vyama vya wafanyakazi wa Port Elizabeth, besi nzito kweli, aliyetunga wimbo wa kumwambia Verwoerd, waziri mkuu wa makaburu, ajihadhari mtu mweusi anakuja, na makaburu wakamnyonga Pretoria 1964. Sasa wasikilizishe wimbo wenyewe bila picha na bila tafsiri: mabega yanaanza kutikisika, ukiuliza unahusu nini utaambiwa harusi, mwingine mavuno. Ndo uwape maneno yake. Hapo mwalimu wa Kiswahili hahitaji hata kuchokoza mada, fasihi simulizi imeshaingia darasani yenyewe, watoto wanabishana kwa nini mtu abebeshe kitisho kwenye mahadhi ya furaha, na mmoja lazima atakumbuka mafumbo ya taarabu.

Wa historia naye ana kwake. Wapigania uhuru wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, walikaa Kongwa huko Dodoma, na Mazimbu pale Morogoro wakajenga shule yao waliyoiita jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa 1979, leo ni kampasi ya SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Mwanafunzi wa Morogoro anapita pale na daladala kila siku hajui. Ukiongeza kwamba wimbo wetu wa taifa mahadhi yake ni ya Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni aliyeutunga 1897, wanaanza kuuimba wenyewe, na hapo mimi nawahi kuwagawa sauti nne, maana wanakwaya wa kanisani d r m f, yaani noti za do re mi fa, wanaisoma kama gazeti na ndiyo njia hiyohiyo ya misheni aliyoitumia Sontonga kuandika nyimbo zake.

Fizikia kwenye Amandla! utakuwa unalazimisha tu, mi nisingejisumbua. Kwa mawimbi ya sauti nahamia kwa Bi Kidude, yule mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, kwenye dokumentari As Old as My Tongue ya 2006, naanza na ngoma zake halafu tunatoka nje na ngoma ya kweli. Wapiga ngoma wanajua ngozi iliyopoa inalia bwee, ukiipasha motoni unyevu unatoka inakaza, inatetema haraka, sauti inapanda, na ndicho kitabu cha fizikia kinachosema ila kwa maneno makavu. Tukirudi ndani nachukua gita, nabonyeza waya katikati yake, urefu unabaki nusu, okteva inapanda, kama waya ulikuwa unatoa hezi 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde, sasa ni 880. Wakishaisikia hiyo, fomula haiwatishi tena. Ila filamu yenyewe iangalie yote kabla hujaipeleka darasani, bibi alikuwa somo wa unyago na hayo mambo yanataka uchague kipande kwa akili, ukae kwanza na walimu wa kike muelewane.

Halafu msitumie spika ya laptop tafadhali. Haitoi besi kabisa, kwa hiyo sauti ya chini kwenye zile nyimbo za Afrika Kusini inapotea yote na wewe umesimama pale unawaambia watoto wasikilize besi ambayo haipo. Ongea na watu wa kwaya mapema wakuazime spika yao kubwa, na ukague kama waya wake unaingia kwenye mashine yako, siyo kuja kugundua kengele imeshagonga.