Petroli ikivuja chini ya tangi: yanayosemwa na yalivyo

"Maji hayanuki mafuta, basi ni salama." Hili ndilo ninalolisikia zaidi Unguja, na ndilo la hatari zaidi. Ndani ya petroli mna benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita. Ulimi huanza kuitambua ikifika kama mikrogramu 500. Kwa hiyo mtu anaweza kunywa mara 40 ya kikomo na bado akayasifu maji ya kisima chake. Kuyachemsha nako si dawa: benzini hupanda na mvuke, mkaivuta jikoni. Klorini huua vijidudu, benzini haiigusi.

"Kilichovuja ni lita chache tu." Haya, tupige hesabu. Petroli yenye asilimia moja ya benzini hubeba zaidi ya gramu 7 katika kila lita. Zikiyeyuka zote majini, zinatosha kufikisha lita 700,000 kwenye kikomo kile.

"Sheli iko mbali na kisima chetu." Mbali kiasi gani, na upande upi? Penye mchanga maji hutambaa polepole. Lakini upande wa Paje, Jambiani na Makunduchi watu wamekaa juu ya mawe ya matumbawe yaliyojaa nyufa na mapango, na humo maji hufuata ufa. Kisima cha jirani wa sheli kinaweza kusalimika, cha mtaa wa pili kikaharibika. Ndiyo maana kisima kimoja cha uchunguzi hakithibitishi kitu. Huchimbwa vitatu kwa uchache, visiwe kwenye mstari mmoja, vikapimwa kimo cha maji ndipo ijulikane yanateremkia wapi. Kwenye mawe hata vitatu ni mwanzo tu. Karibu na pwani, kimo chenyewe hupanda na kushuka kwa kujaa na kupwa kwa bahari, hivyo anayepima kimoja asubuhi na kingine jioni amejidanganya.

Ukimkuta mpimaji kazini, tazama mikono yake. Hushusha bomba jembamba linaloonyesha ndani. Petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo ikiwa nyingi utaiona imeelea juu. Kisha hujaza kichupa cha kioo mpaka pomoni, akakifunga, akakipindua na kukigonga kwa kidole. Likitokea povu moja la hewa, anaanza upya, kwa sababu benzini hukimbilia kwenye hewa hiyo na maabara itapata maji yanayoonekana safi kuliko yalivyo. Halafu barafu. Sampuli iliyobebwa kwenye chupa ya soda, juani, bora isipimwe kabisa.

"Wenye matangi ni wenye sheli." Si wao peke yao. Baada ya kiza cha 2008, umeme ulipokatika kisiwani, na kile cha miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, nani hakutafuta jenereta? Tangi la dizeli la hoteli nalo huvuja. Dizeli ina benzini kidogo, lakini maji inayaharibu vilevile.

"Kisima kipigwe pampu mpaka mafuta yaishe." Kisiwani pampu ina kisirani chake. Maji baridi yameelea juu ya maji ya bahari: kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 chini yake. Ukivuta kwa nguvu, chumvi hupanda. Kwa hiyo tangi hutolewa kwanza, mafuta yanayoelea yakakombwa taratibu, mvuke ukafyonzwa kutoka ardhini, na pengine hewa ikapulizwa chini ili bakteria waliomo wayale mabaki. Hata hapo, mafuta yaliyonasa nyufani hubaki, na masika maji yakipanda huyafikia tena. Majibu safi ya kaskazi peke yake hayatoshi kufunga jalada. Mwenye kisima adai kipimo kingine baada ya mvua.