Ukurasa wangu wa 2019 ulivyomkwamisha kijana wa watu

Mwezi wa nne mwaka 2024, usiku, kijana mmoja anayejifunza kazi za seva alinitumia picha ya skrini. "Dada, nimefuata kila hatua kama ilivyoandikwa, imegoma." Kwenye picha kulikuwa na terminali, na ndani yake mstari huu:

deb https://apt.kubernetes.io/ kubernetes-xenial main

Ni anwani ya kupakulia Kubernetes, programu ya kuendesha kontena (programu zilizofungashwa pamoja na mahitaji yake) kwenye mashine nyingi. Chini yake apt, kisimikaji cha programu cha Ubuntu, inalalamika kwamba hazina hiyo haina faili la Release. Kwa akili yake alishagundua kwamba xenial ni jina la Ubuntu ya 2016, na mashine yake ina Ubuntu ya 2022, basi akafuta xenial akaweka jammy, jina la hiyo ya 2022. Ikagoma tena. Akazunguka mitandaoni hadi bando likakata, kila anayemkuta ana dawa yake. Nikamuuliza, hatua hizi umezitoa wapi? Akanitumia kiungo. Ulikuwa ukurasa wa tovuti ya mradi mdogo wa programu huria ambao mimi ni mmoja wa wanaoutunza. Na aliyeuandika, mwaka 2019, ni mimi.

Nilipouandika, mstari ule ulikuwa sahihi. Kubernetes walikuwa na hazina moja ya vifurushi kwa watu wa Debian na Ubuntu, na jina lake liliendelea kuwa kubernetes-xenial hata Ubuntu mpya zilipotoka. Mwenye 18.04 alitumia jina hilo hilo, mwenye 20.04 vilevile. Agosti 2023 mradi ukatangaza makao mapya, pkgs.k8s.io. Septemba 13 mwaka huo hazina za zamani zikagandishwa, yaani hakikuingia tena kitu kipya, na Machi 2024 zikaondolewa. Makao mapya hayana chumba kimoja cha wote: kila toleo, 1.28, 1.29 na kuendelea, lina hazina yake, na namba ya toleo imo ndani ya anwani yenyewe. Kwa hiyo hata ningekimbilia kubadilisha anwani tu nikalala, baada ya miezi michache ukurasa ungekuwa unamfundisha mtu kusimika toleo la juzi, kwani Kubernetes hutoa matoleo matatu hivi kwa mwaka.

Nyaraka za Kubernetes zenyewe zilirekebishwa mapema. Wangu ukabaki vilevile, na wa kunikumbusha hakuwepo, kwa sababu zile hatua hazikuwa zangu. Nilizinakili kwao nikazibandika kwetu ili msomaji asihangaike kufungua kurasa mbili. Nia njema kabisa. Nikasahau kwamba wao wakihama, mimi sipewi taarifa.

Wiki ile tukakaa watu watatu kupitia tovuti nzima. Wazo la kwanza, ambalo nadhani kila mtu huanza nalo, lilikuwa kupanga kurasa kwa tarehe na kuanza na kongwe. Halikutufikisha mbali. Tovuti yetu inajengwa kwa Hugo, programu ya kugeuza maandishi kuwa kurasa, na tumeiruhusu isome kwenye Git, daftari la mabadiliko ya mafaili, tarehe ya mwisho ambayo faili liliguswa. Sasa, miaka miwili kabla, mwenzetu mmoja alipitia mafaili yote akirekebisha nukta na koma. Kazi nzuri, Mungu ambariki. Lakini kwa macho ya Git, kurasa zote zimezaliwa upya siku ile. Ukurasa wangu wa 2019 ulikuwa umeandikwa chini kabisa kwamba umehaririwa 2022, na nina hakika tarehe hiyo ndiyo iliyomtia moyo yule kijana. Upande wa pili, tuna ukurasa unaoeleza kwa nini tulichagua muundo fulani wa data. Haujaguswa tangu siku ya kwanza na hauna kosa hata moja.

Tukaacha umri, tukauliza swali jingine: ukurasa huu umeegemea nini? Ukiegemea uamuzi wetu wenyewe, hautachakaa mpaka sisi tubadilishe uamuzi. Ukiegemea anwani, toleo au amri ya mradi mwingine, unaweza kufa usiku mmoja sisi tumelala. Hilo grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya mafaili, inalikamata bila shida. Tulitafuta apt-key, amri ya zamani ya kuongeza funguo za hazina, tukatafuta namba za matoleo zilizoandikwa kwa mkono, tukatafuta k8s.gcr.io, ile hazina ya zamani ya picha za kontena iliyogandishwa Aprili 3, 2023 baada ya mradi kuhamia registry.k8s.io. Vyote vilikuwepo.

Kwenye ukurasa wa usimikaji tukafanya kitu ambacho kilileta ubishi. Tulifuta hatua zote za kusimika Kubernetes na kuacha sentensi moja: unahitaji klasta (kundi la mashine zinazoendeshwa na Kubernetes) inayofanya kazi, kama huna, fuata maelekezo ya wenyewe, na kiungo hiki hapa. Kiungo hakina namba ya toleo, kinakwenda kwenye nyaraka za sasa. Mwenzangu mmoja alikataa kata kata. Hoja yake: mgeni anataka vyote mahali pamoja, ukimtuma kwingine anapotea. Ana haki. Mimi mwenyewe nilipokuwa mgeni nilipenda ukurasa wenye kila kitu. Lakini ukurasa wa namna hiyo unahitaji mtu wa kuujaribu kwenye mashine safi kila toleo jipya linapotoka, na sisi ni watu watatu wenye kazi nyingine za kutulisha. Tukakubaliana kwamba tusichoweza kukijaribu hatukiandiki.

Pale ambapo namba ya toleo haikwepeki, usiiandike kwa mkono. Tovuti ya Kubernetes nayo hutumia Hugo, na ndani ya maandishi yake kuna kijimsimbo kiitwacho skew ambacho hujaza chenyewe namba ya toleo la sasa, lililopita au lijalo. Sisi tumeiga kwa njia rahisi zaidi: namba moja kwenye faili la mipangilio, kurasa zote zinaisoma pale.

Halafu kuna suala la kufuta ukurasa mzima. Wahandisi tunapenda kufuta, inaleta raha fulani. Ila anwani ikishatoka haiko mikononi mwako. Imeshabandikwa kwenye makundi ya WhatsApp, kwenye slaidi za walimu, kwenye maoni ya msimbo wa mtu usiyemjua. Kama kuna ukurasa uliochukua nafasi yake, elekeza kwa 301 (jibu la seva kwamba ukurasa umehama jumla), na elekeza kwenye ukurasa huo hasa. Kumpeleka kila mtu ukurasa wa mbele wa tovuti ni sawa na kumwambia mgeni aliyeuliza chumba namba tano, "ndani humo humo." Kama hakuna kilichochukua nafasi, seva ijibu 410, yaani kilikuwepo na kimeondolewa, badala ya 404 ambayo haisemi kama kiliwahi kuwepo au mtu kakosea herufi. Angalizo kwa wenzangu wa Hugo: kipengele cha aliases hakitoi 301. Kinatengeneza kaukurasa ka HTML kanakokiambia kivinjari kihamie kwingine. Kwa mtu aliye kwenye kivinjari inatosha, kwa mwenye curl (amri ya kuita kurasa kutoka terminali) anapata hako kaukurasa tu. Tovuti ya Kubernetes inaweka maelekezo hayo kwenye faili la _redirects linalosomwa na Netlify, huduma inayohifadhi tovuti, na ndivyo tunavyofanya sasa.

Makala za blogu ziko tofauti, na hapa watu wengi huchanganya. Nyaraka ni ahadi: tunasema hivi ndivyo ilivyo leo. Makala ni kumbukumbu yenye tarehe, na kumbukumbu haihaririwi ili ionekane ilijua mambo ya baadaye. Kubernetes waliposema Desemba 2020 kwamba wataachana na dockershim, kipande kilichoiwezesha Kubernetes kutumia Docker kuendesha kontena, walichapisha maswali na majibu. Kufikia Februari 2022 mambo yalikuwa yamesogea, wakaandika maswali na majibu mapya, na ya zamani yakaachwa mahali pake yakimwelekeza msomaji kwenye mapya. Dockershim ikaondolewa kwenye toleo la 1.24 mwaka huo huo. Blogu yao pia huweka bango lenyewe juu ya kila makala iliyozidi mwaka mmoja, kuonya kwamba huenda yaliyomo yamepitwa na wakati, isipokuwa zile ambazo wahariri wamezitia alama kwamba zinaendelea kutunzwa. Naupenda utaratibu huo kwa blogu. Kwenye nyaraka nisingeuweka. Bango linalotokea kila mahali huishia kuwa pambo.

Bango la nyaraka liwe kali na liseme jambo moja. Ukifungua nyaraka za toleo la Django (zana ya kujengea tovuti) lililoachwa, unakuta juu onyo kwamba toleo hili si salama na halihudumiwi tena. Hakuna "huenda."

Kuhusu injini za utafutaji, kosa moja nimeliona mara nyingi: mtu anataka kurasa za zamani zisitokee kwenye matokeo, basi anazizuia kwenye robots.txt, faili linaloziambia roboti za utafutaji zisiingie wapi, na papo hapo anaweka ndani ya kurasa hizo lebo ya noindex, yaani usiuorodheshe. Vinapingana. Ukimzuia roboti asiingie, hataiona lebo, na anwani inaweza kuendelea kutokea kwa sababu tovuti nyingine zimeunganisha nayo. Mwache aingie asome lebo. Programu za akili mnemba sina dawa yake; bado zinanipa mstari wa xenial, tena kwa kujiamini.

Nimeacha tafsiri mwisho kwa sababu ndiyo iliyoniumbua. Kubernetes wana hati ndogo, lsync.sh, ambayo hutazama lini ukurasa uliotafsiriwa uliguswa mara ya mwisho kisha inaonyesha kilichobadilika kwenye Kiingereza tangu hapo. Sisi hatukuwa na kitu kama hicho. Baada ya usafi wote ule, nikamtumia yule kijana kiungo kipya kwa mbwembwe. Kesho yake akajibu, "Dada, asante, klasta imewaka. Ila ukibonyeza Kiswahili pale juu, xenial bado ipo."

Nikafungua. Ipo. Na chini yake, jina la mfasiri: langu.

Sasa amri zote zinakaa kwenye faili moja ambalo kurasa za lugha zote mbili zinalivuta. Tunatafsiri maelezo tu. Rekebisho la ukurasa ule wa Kiswahili alilituma yeye mwenyewe, na kwenye Git tarehe mpya ya ukurasa ule ina jina lake.