Je, wajua? Simuleta iliyofungwa sakafuni humfanyaje rubani ahisi ndege inapaa?

Kwa miaka mingi niliamini mambo mawili kuhusu rubani mpya anayeajiriwa na shirika la ndege za safari fupi. Yote mawili yalikuwa makosa.

La kwanza: nilidhani kabla ya kukabidhiwa abiria, rubani hupewa ndege tupu azunguke nayo juu ya uwanja, apae na kutua mpaka mkono uzoee. Sivyo. Katika mashirika mengi leo, siku rubani mpya anapoishika kwa mara ya kwanza ndege halisi ya aina aliyoajiriwa kuirusha, abiria wako nyuma yake wamefunga mikanda, na hakuna anayewaambia. Pembeni yake yupo rubani mkufunzi, ndiyo. Wala yeye mwenyewe si mtu wa kuokotwa njiani: Marekani, kwa mfano, tangu 2013 rubani msaidizi wa ndege za abiria anatakiwa awe na saa 1,500 angani, ukiacha wanaopunguziwa kwa kutoka jeshini au katika vyuo fulani vya urubani. Ila saa hizo wengi huzichuma kwenye vindege vya injini moja. Jeti ya viti 70 anayoipaisha asubuhi ile ameijua ndani ya simuleta tu, yaani sanduku la kuigizia ndege lililofungwa sakafuni. Sheria inaruhusu, kwa kuwa simuleta ya daraja la juu kabisa, daraja la D, huhesabiwa kwa mafunzo kuwa karibu sawa na ndege yenyewe.

La pili ndilo lililonitia aibu. Nilidhani simuleta huiga mwendo wa ndege: ndege ikikimbia, nayo inakimbia kidogo, ikiinama, nayo inainama, na kwa ujumla inatikisika sana. Kisha nikapata nafasi ya kusimama nyuma ya kioo cha ukumbi wa mashine hizi. Sanduku jeupe, kubwa kama chumba cha kulala, limesimama juu ya miguu sita ya chuma. Daraja dogo la kuingilia lilikuwa limeinuliwa, taa nyekundu inawaka. Ndani mlikuwa na marubani wawili wapya na mkufunzi wao, na tuliokuwa nje tukaambiwa sasa wanapaa. Nikasubiri kishindo. Sanduku likajongea mbele hatua moja fupi, kisha likaanza kujilaza kinyumenyume, polepole, kama mzee anayeegemea kiti baada ya kushiba. Basi. Likabaki hivyo, limetazama dari, nami nikadhani limeharibika.

Mmoja wa wale marubani alipotoka, shati limemganda mgongoni, nilimuuliza alihisi nini. Alinishangaa. Alihisi injini zikimsukuma, mgongo umebanwa kwenye kiti, lami inakimbia chini yake. Nilipomwambia kwamba kwa nje walionekana wamelazwa chali, alicheka na kusema ndani hakuna hata mmoja aliyehisi kulala.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua jeti inayoongeza kasi kwa robo ya nguvu ya uvutano wa dunia, kiasi cha kawaida wakati wa kupaa. Itafika kilomita 250 kwa saa baada ya sekunde kama 28, na kufikia hapo imekwisha kula kilomita moja ya lami. Miguu ya simuleta kubwa hurefuka kwa takriban mita moja na nusu. Ukilisukuma sanduku mbele kwa nguvu ileile, mita moja inakwisha kabla sekunde moja haijatimia, na hapo bado hujabakiza nafasi ya kulisimamisha. Mbuzi hula urefu wa kamba yake, na kamba ya huyu ni fupi mno. Kukimbia haiwezekani. Inabidi kudanganya.

Anayedanganywa ni sikio. Ndani kabisa ya sikio, mbali na sehemu inayosikia sauti, kuna vifuko viwili vyenye ute mzito, na juu ya ute huo vimetandazwa vijiwe vidogo sana vya kalisi kaboneti, dutu ileile ya chaki. Chini ya ute kuna vinyweleo vya neva. Chukua sponji laini yenye maji, uiweke kwenye kiganja, juu yake weka kokoto. Sukuma kiganja mbele kwa ghafla: kokoto linabaki nyuma kidogo na sponji inapinda kuelekea nyuma. Vinyweleo vya sikioni huhisi mpindo huo na kuuarifu ubongo: tunasukumwa mbele. Ndicho kinachotokea basi linapoondoka kwa pupa.

Sasa usisukume chochote. Inua tu upande wa mbele wa kiganja. Kokoto linavutwa na uzito wake kuelekea nyuma, na sponji inapinda vilevile. Ukiwa wewe ni kinyweleo kilicho chini ya sponji, gizani, hupati njia yoyote ya kujua kama kiganja kimesukumwa au kimeinuliwa. Si udhaifu wa sikio la binadamu peke yake. Chombo chochote cha kupima kilichofungiwa sandukuni kingekwama hapohapo. Einstein alijenga fizikia nzima juu ya kutotofautishika huku. Simuleta imejengwa juu yake pia, kwa malengo ya chini zaidi.

Basi robo ya uvutano inapatikana kwa kulilaza sanduku nyuzi kama 14 na nusu. Uzito wa rubani mwenyewe unamkandamiza kwenye kiti, na ubongo unabaki na maelezo mawili ya kuchagua: nimelazwa, au nasukumwa. Jicho ndilo linaloamua. Sanduku likilala, picha inayoonyeshwa dirishani inalala nalo, kwa hiyo upeo umenyooka na taa za pembeni ya njia zinapita mbio. Jicho linatoa ushahidi wa uongo kwa moyo mweupe kabisa, na kesi inafungwa.

Bado yupo shahidi mwingine wa kunyamazishwa. Sikio lina mifereji mitatu ya nusu duara, imejaa majimaji, na kazi yake ni kugundua kuzunguka. Ukimlaza mtu ghafla, mifereji inapiga kelele na hila inafichuka. Ila mifereji ni mizito wa kusikia mambo ya polepole: chini ya nyuzi mbili au tatu hivi kwa sekunde, watu wengi hawahisi kitu. Nasema “hivi” kwa sababu kiwango hubadilika kati ya mtu na mtu, na rubani mwenye shughuli nyingi mikononi huhisi kidogo kuliko aliyekaa tu. Kwa hiyo mashine hufanya mambo mawili kwa pamoja. Inampa msukumo mfupi wa kweli mwanzoni, ambao sikio linautarajia, kisha inamlaza kwa mwendo wa konokono wakati ule msukumo unafifia. Baadaye, kasi isipoongezeka tena, inamrudisha katikati kwa unyemelevu uleule: mbuzi anarudishwa kwenye kigingi bila kujua amerudishwa.

Ukifuatilia hesabu utaona ufa. Msukumo wa kweli unakwisha chini ya sekunde moja. Kulala nyuzi 14 kwa nyuzi tatu kwa sekunde kunachukua karibu sekunde tano. Katikati kuna bonde, ambapo mwili unahisi kidogo kuliko jicho linavyoona. Mafundi hulijaza bonde hilo kwa kuvunja kanuni zao kidogo huku na kidogo kule, na matokeo yake hutegemea sana mkono wa fundi. Na kuna visivyoigizika kabisa. Ndege inayokata kona ikiwa imelala nyuzi 60 bila kushuka humkandamiza rubani kwa uzito mara mbili ya wake. Hakuna mguu wa chuma sakafuni unaoweza kukupa hilo kwa zaidi ya kufumba na kufumbua.

Historia yake ni fupi kusimulia. Edwin Link wa Marekani, kijana wa kiwanda cha vinanda cha babake, alitengeneza simuleta yake mwaka 1929 kwa mivukuto ya kinanda. Jeshi halikumjali mpaka 1934, marubani wake walipokufa mfululizo wakisafirisha barua katika hali mbaya ya hewa. Miguu sita ilianza katika mashine ya kupimia matairi ya Dunlop, Uingereza, kazi ya mhandisi Eric Gough katika miaka ya 1950. Mwaka 1965 D. Stewart alichapisha makala kuhusu jukwaa la aina hiyo kwa ajili ya simuleta, na dunia ikaliita jukwaa la Stewart. Wa matairi akasahaulika.

Jambo lililonikaa zaidi ni kwamba uongo huuhuu upo angani, umegeuzwa. Rubani akipaa usiku juu ya bahari, bila taa wala upeo, na ndege ikiongeza kasi, vijiwe vinarudi nyuma kama kawaida. Safari hii jicho halina la kusema, na ubongo unachagua maelezo yale mengine: pua imeinuka mno. Mkono unataka kuishusha. Uchunguzi wa ajali ya ndege ya Gulf Air 072 huko Bahrain, Agosti 2000, iliyoua watu wote 143, ulitaja hisia hii kati ya mambo yaliyochangia. Simuleta inamfanya aliyelazwa adhani anakimbia. Giza linamfanya anayekimbia adhani amelazwa.

Je, mwendo huu wote wa gharama unamfaidi rubani mpya? Hapa ushahidi ni mwembamba kuliko mtu angedhani. Watafiti wa Volpe, kituo cha utafiti wa usafiri huko Marekani, waliwajaribu marubani wa mashirika ya safari fupi, baadhi wakifunzwa kwa mwendo na wengine mashine ikiwa imezimwa miguu, na hawakuona tofauti yenye uzito katika urushaji wao. Waliambiwa pengine mwendo wa mashine ile ulikuwa hafifu. Wakarudia kwa mashine nyingine na mwendo ulioboreshwa, na tofauti zilizoonekana zikawa ndogo. Wadhibiti wa usafiri wa anga wameendelea kuudai mwendo hata hivyo, na sidhani wamekosea, ila hoja yao ni ya tahadhari zaidi kuliko ya vipimo.

Kilichodhihirika ni hatari ya mashine kujua kidogo. Februari 2009, ndege ya Colgan Air 3407, safari fupi, ilianguka karibu na Buffalo na kuua watu 50: kasi ilishuka, onyo la kuwa mabawa yanakaribia kuacha kushika hewa likatikisa usukani, na nahodha akavuta badala ya kusukuma. Simuleta za wakati huo ziliiga vizuri hali hiyo hadi kwenye onyo. Zaidi ya hapo data za kuaminika zilikuwa chache, na mafunzo yalikomea hapo. Marekani ikataka programu za simuleta ziboreshwe, na tangu Machi 2019 marubani wa mashirika hupitishwa sandukuni hadi mabawa yaachie kabisa, kisha waiokoe ndege.

Na kwa kuwa hila nzima inategemea jicho na sikio kukubaliana, ikivunjika huumiza tumbo. Wenye uzoefu mwingi angani ndio mara nyingi hupata kichefuchefu kuliko wanafunzi, maana masikio yao yanajua ndege halisi hufanya nini. Wakati mbaya zaidi ni mkufunzi anapotaka kurudia zoezi, akabonyeza kitufe cha kuihamisha ndege kutoka mawinguni hadi mwanzo wa njia kwa mpigo mmoja. Mkufunzi mwenye huruma huwaambia kwanza: fumbeni macho.