Je, wajua njiwa ana maziwa? Tena hata dume anayo

Tangu nianze kufuga njiwa, na nilianza mtoto mpaka leo nina wajukuu, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: mbona njiwa wamejaa kila paa mjini lakini hujawahi kuona mtoto wa njiwa? Kuku unamwona na vifaranga vyake wanapita uani, bata vilevile, ila njiwa unaona wakubwa tu, wakubwa tu, utadhani wanazaliwa hivyo hivyo. Jibu ni kwamba mtoto wa njiwa hatoki kwenye kiota mpaka anakaribia ukubwa wa wazazi wake, inachukua wiki nne au tano hivi, kwa hiyo akitoka wewe unajua ni njiwa kama wengine. Na kinachomfanya aweze kukaa humo ndani muda wote huo na kukua kwa kasi ile ni kitu ambacho watu wengi nikiwaambia wanadhani nawatania, yaani njiwa anatoa maziwa. Anatoa mama, na anatoa baba.

Kwanza tuelewane, hakuna chuchu hapo. Maziwa yanatoka kwenye gole, ule mfuko wa chini ya shingo ambao ndege anawekea nafaka kabla hazijashuka kwenye firigisi, hata kuku akishiba jioni unauona umetuna kifuani. Sasa kwa njiwa gole lina kazi ya pili. Akishaatamia kama wiki moja ukuta wake wa ndani unaanza kunenepa, damu inafika pale kwa wingi, unajaa mikunjo, na zikibaki siku mbili hivi mayai yaanguliwe zile seli za juu zinakuwa zimejaa mafuta na protini alafu zinaanza kubanduka zenyewe. Hizo seli zilizobanduka ndo maziwa. Sio majimaji, ni mabonge madogo laini yenye rangi nyeupe inayoelekea njano, ukiyaona ni kama jibini ambayo haijakauka. Ukitoa maji yake yote, zaidi ya nusu ya kinachobaki ni protini na karibu theluthi ni mafuta, sukari ya maziwa haimo kabisa, na humo humo kuna kingamwili ambazo mzazi anampa mtoto kumkinga na magonjwa.

Kinachoamsha yote hayo ni homoni inayoitwa prolaktini, na hii ndo ile ile inayomfanya mama aliyejifungua atoe maziwa. Mtu wa kwanza kueleza vizuri habari ya gole la njiwa anayelea alikuwa daktari mpasuaji wa Uskoti, John Hunter, mwaka 1786, lakini chanzo chake kilikuja kueleweka miaka ya 1930 huko Marekani, Oscar Riddle na wenzake walipoitenga hiyo homoni na kuipa jina. Na wakaona kitu kizuri sana, kwamba ukimdunga njiwa prolaktini gole lake linanenepa hata kama hana mayai, basi kwa miaka mingi baadae maabara zikawa zinatumia gole la njiwa kupimia nguvu ya hiyo homoni. Elimu kubwa kuhusu maziwa ya mama wa binadamu imepita kwenye shingo ya njiwa, na mimi nikikumbuka hilo nawaangalia ndege wangu kwa heshima kabisa.

Dume anaingiaje hapo? Anaingia kwa sababu naye anaatamia. Kwenye banda lolote ukichungulia saa sita mchana, aliyelala juu ya mayai mara nyingi ni dume, ameingia kama saa nne asubuhi na atatoka saa kumi, kumi na moja jioni, alafu jike anachukua zamu anakaa usiku kucha mpaka asubuhi. Kule kukaa juu ya mayai kunapandisha prolaktini kwake kama kwa mwenzake, gole linanenepa, na siku kinda anatoka baba ana maziwa tayari. Tena watafiti waliwahi kumtenga dume asiweze kugusa mayai ila anamwona jike wake akiwa ameatamia, na bado gole lake likaendelea kukua. Kumwona mke tu amekaa kazini kunatosha!

Haya, twende kwenye kiota. Yai la kwanza jike analitaga jioni, la pili analitaga keshokutwa yake mchana, na kati ya hizo siku utamwona amesimama juu ya lile la kwanza bila kulilalia sawasawa, mtu asiyejua anasema huyu kalikataa, kumbe anasubiri la pili ili watoto watoke pamoja. Baada ya siku 17 au 18 wanatoka. Kinda wa siku ya kwanza hapendezi jamani, mwekundu, macho yamefumba, ana malaika chache za njano zimesimama ovyo, na mdomo mkubwa laini usiolingana na kichwa. Wanasema mwana wa kuku hafunzwi kuchakura, na ni kweli, wa kuku akikauka tu anaanza kudonoa, ila huyu wa njiwa hata shingo haimudu. Ana gramu 15 au 20 hivi. Alafu subiri siku mbili tu, uzito umeshazidi mara mbili.

Namna anavyolishwa inabidi uione mwenyewe. Ndege wengine makinda wanaachama na mzazi anatumbukiza chakula, njiwa ni kinyume chake, mzazi ndo anafungua mdomo na kinda anachomeka mdomo wake humo ndani mpaka karibu na macho, wanakaa hivyo wanatikisika wote wawili, mzazi anasukuma maziwa juu kwa misuli ya shingo na mtoto anavuta. Wakati mwingine makinda wote wawili wanaingiza midomo kwa mpigo, mmoja kulia mmoja kushoto. Siku tatu nne za mwanzo ni maziwa matupu, kisha zinaanza kuchanganywa punje zilizolainika ndani ya gole, na kila siku maziwa yanapungua nafaka zinaongezeka mpaka wiki ya pili au ya tatu yanakatika kabisa.

Sasa kwa nini njiwa na sio kuku au shomoro? Hapa ndo penye utamu. Ndege mtoto anayekua anahitaji protini nyingi na nafaka haina protini ya kutosha, ndo maana ndege wengi wanaokula mbegu huwa wanabadilisha chakula wakipata watoto. Shomoro anayedonoa mchele wako jikoni akiwa na makinda anahangaika kutafuta viwavi na wadudu laini. Hata kwelea, hao hao wanaomaliza mtama na mpunga wa watu mpaka serikali inapeleka ndege kumwaga dawa, makinda wao siku za mwanzo wanalishwa wadudu, na wadudu wanakuja na mvua, kwa hiyo na kuzaa kwao kunafuata mvua. Njiwa hamtegemei mdudu. Yeye anakula mtama wake, uwele, mahindi ya kuparaza, kunde, mwili wake unageuza hizo punje kuwa chakula cha mtoto mchanga. Kiangazi au masika, maadamu kuna nafaka na maji yeye anazaa, na ndo maana mtu anaanza na jozi mbili tatu, akigeuka nyuma banda halitoshi.

Na ndo maana mayai ni mawili, sio manne wala kumi. Kuku anaweza kutembeza vifaranga kumi na mbili kwa sababu wanajilisha wenyewe, njiwa kila gramu ya mtoto inatoka kwenye gole la mzazi, na magole mawili yana kikomo. Ukimwongezea yai la tatu linaweza kuanguliwa vizuri tu lakini wa tatu mara nyingi anabaki nyuma, anadhoofika, wakubwa wanamkanyaga. Hata kwa hao wawili, mmoja akitangulia kutoka kwa siku nzima unaona tofauti, wa kwanza anapanua gole na kuomba kwa nguvu, wa pili anaambulia mabaki.

Njiwa hayuko peke yake lakini wenzake ni wachache mno. Jamii yake yote iko hivyo, tetere, pugi, ninga, wote wana maziwa. Nje ya hapo kuna flamingo, na sisi tunao jirani, wale wadogo wanaozaa Ziwa Natron kaskazini mwa Tanzania, maziwa yao ni mekundu kwa sababu yana rangi ile ile inayowapa manyoya yao uzuri, na mzazi anayelea anapauka kabisa maana rangi yote inahamia kwa mtoto. Wa tatu ni pengwini mkubwa wa Antaktika, kwake ni dume tu, anampa kinda maziwa kidogo ya kumshikilia siku chache kama jike hajarudi toka baharini. Basi, hawa ndo wanaojulikana.

Ukifuga, haya yote yana maana kila siku. Mtu anakuja na kinda wa siku mbili ameanguka au wazazi wamekamatwa na paka, anasema nimempa uji na maziwa ya ng'ombe mbona anaharisha. Ndege hana uwezo wa kusaga sukari iliyoko kwenye maziwa ya ng'ombe, na yale ya njiwa hayana hiyo sukari, ni vitu viwili tofauti. Kinda wa chini ya siku tano kumlea kwa mkono ni kazi ngumu sana, ila kuna njia nzuri kuliko zote, kumpa wazazi wengine. Njiwa hajui sura ya mtoto wake siku za mwanzo, ukimwekea kinda wa rika moja na wake analisha tu. Wanaofuga njiwa wa mdomo mfupi sana, wale wa urembo, ndo wanaishi hivyo, maana ndege wale kulisha kwa mdomo ule ni shida, mayai yao yanahamishiwa kwa jozi za kawaida. Charles Darwin, yule mwanasayansi wa nadharia ya mageuko ya viumbe, aliyeanza kufuga njiwa nyumbani kwake Uingereza mwaka 1855 akijiandaa na kitabu chake cha nadharia hiyo, alieleza kwamba kwa aina moja ya mdomo mfupi makinda wengi walikuwa wanafia ndani ya yai kwa kushindwa kulivunja, na wafugaji walikuwa wanawasaidia kutoka.

Lakini ukihamisha mayai angalia tarehe. Andika kwa penseli juu ya yai siku lilipotagwa, penseli sio wino. Maziwa ya mzazi mlezi yanakuja kwa hesabu ya siku alizoatamia yeye, sio siku za yai, kwa hiyo ukimpa yai linalokaribia kuanguliwa wakati yeye ana wiki moja tu, kinda anatoka anakuta gole halina kitu, unamkuta kesho amekufa na watu wanasema mama kamkataa. Tofauti isizidi siku mbili.

Jingine ni ugonjwa. Kuna kijidudu kinachokaa kooni mwa njiwa wakubwa wengi bila kuwasumbua, kinaitwa trikomonasi, na njia yake kuu ya kumfikia mtoto ni hayo hayo maziwa. Kinda anadumaa, ukimfungua mdomo unakuta utando wa njano umeganda kooni, mwingine anashindwa hata kumeza. Usiukwangue, unamtoa damu na unaweza kumuua. Dawa zipo, za jamii ya metronidazo, kipimo akupe daktari wa mifugo, na watibiwe wazazi pamoja na mtoto maana ukimtibu kinda peke yake saa hiyo hiyo analishwa kijidudu upya. Vyombo vya maji navyo vioshwe kila siku, njiwa anazamisha mdomo na kufyonza bila kuinua kichwa kama kuku, mate ya mmoja yanawafikia wote.

Na kila jozi iwe na viota viwili, hili nawaambia wanaoanza na wengi hawanisikilizi. Makinda wakifika wiki mbili au tatu jike anaweza kutaga tena, kama kiota ni kimoja atataga katikati ya watoto, mayai yanakanyagwa na kuchafuliwa. Kikiwepo cha pili anahamia huko na baba ndo anabaki na wakubwa. Hapo maziwa yamekwisha, ni nafaka tu, na yeye anazimudu, utamwona anashuka kwenye chombo anajaza gole, anapanda, wanamfuata mpaka pembeni kwa kelele na kumpiga mabawa, anawajaza, anashuka tena. Wakati huo usiwabanie kunde na choroko, na changarawe ndogo na maganda ya mayai yaliyosagwa yasikosekane bandani, maana anatakiwa alishe wawili na bado kesho saa nne akapokee zamu kwenye mayai mapya.